Kwa Mjomba Osia, Kuhusu Ile Sakafu ya Maegesho

Mjomba Osia,

Shikamoo sijaiandika, na usiseme nimesahau. Mama alinifundisha kuamkia wakubwa kabla sijajua kujifunga kitenge mwenyewe, na wewe nimekuamkia maisha yangu yote, hata siku ambazo moyo ulikuwa hautaki. Leo nimeiacha kwa makusudi. Barua hii nimeisoma kwanza kwa sauti mbele ya ndugu hapa Nanyala, na anayetaka kuisoma aisome. Ningefurahi zaidi ikisomwa na hao vijana unaofanya nao kazi huko Nakonde, upande wa Zambia.

Nitaanza na mazuri, maana yapo, na sitaki uende kusema nimeyaficha.

Mama alipofariki, wewe ndiye uliyetuchukua mimi na Ezekia, mdogo wangu, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ulikuwa hujaoa. Ukatuleta kwenye ile nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Nanyala, karibu kabisa na barabara kuu, ambako malori ya kwenda Zambia yakipita vikombe vinatetemeka kabatini. Hukujua kusuka nywele, kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa ulinishika mkono ukanipeleka kwa jirani, ukakaa kwenye kigoda unasubiri mpaka amalize, mwanaume peke yako kati ya wanawake. Walikucheka na wewe ukacheka nao. Nilikuwa naona hakuna mtu mkubwa kuliko wewe.

Halafu ukaenda Kitwe, Zambia, kutafuta kazi, ukatuacha kwa mama mkubwa, na uliporudi ulikuwa fundi wa kitu ambacho hapa hakuna aliyekijua. Biashara zilikuwa zimefunguka. Watu wa Tunduma walikuwa wanajenga ghorofa juu ya ghorofa, na wewe ukarudi na makopo yako, mashine ya kusagia sakafu na miiko yenye meno, ukasema zege peke yake halifai tena, kwamba huko Zambia maegesho ya magari yanapakwa utomvu unaokauka ukawa mgumu kama kioo, mafuta hayapenyi, matairi hayachimbi. Watu waliita rangi. Wewe ulikuwa unakasirika wakiita rangi.

Kazi ya kwanza uliyonichukua ilikuwa karakana moja kule Vwawa. Ulinionyesha jinsi ya kusaga zege mpaka lifunguke, kulifuta vumbi, kulipaka maji ya kushikia, ndipo uchanganye kopo kubwa na lile kopo dogo la hadina, dawa inayougandisha utomvu. Ulinifundisha kumimina polepole, ukiniambia kwa Kibemba, bwino bwino, taratibu taratibu, mpaka mimi na wewe tukawa tunaambiana hivyo hata tukimimina chai. Kisha ile rola ya miiba inapita juu kutoa mapovu. Karakana ilipokauka tulisimama mlangoni tukaona mapaa na mbingu vimo sakafuni. Ulinishika bega. Ulisema Mama angeona mikono yangu angefurahi.

Nilipoolewa na Daudi, ulisimama upande wa Mama. Ulimwambia mbele ya wazee kwamba akininyanyasa atakuona wewe kwanza. Alikuwa kijana wa kubeba mizigo pale mpakani, mwenye kifua kipana, mtu wa kucheka. Ukampenda. Mwezi haukuisha ukamvuta kwenye kazi, na tukawa watatu. Mimi nachanganya na kupaka pembeni mwa nguzo kwa brashi, Daudi anatandaza, wewe unapiga rola. Watu walikuwa wanasema ukoo wa Osia umepata kazi ya ajabu, wanapaka sakafu zinazong'aa.

Mazuri yameishia hapo.

Ile kazi kubwa ilikuwa ya jengo la mfanyabiashara mmoja pale Tunduma mjini, lenye maduka juu na maegesho chini ya ardhi. Magari yalikuwa yanaingia kwa mteremko kutoka upande wa barabara, kwenye shita, ule mlango mkubwa wa chuma unaoinuliwa na kushushwa. Upande wa pili kabisa kulikuwa na mlango mdogo wa ngazi za kupanda madukani. Hapakuwa na dirisha hata moja. Kulikuwa na feni moja kubwa ukutani ya kutoa hewa, na hiyo wewe uliizima siku ya kwanza.

Ulisema ni kwa ajili ya vumbi. Ilikuwa kiangazi, malori yamepanga foleni toka mpakani mpaka nje ya mji, na vumbi lilikuwa linaingia kila mahali, kwenye ugali, kwenye mashuka. Vumbi likitua kwenye utomvu mbichi, sakafu inakuwa na vipele na tajiri anakataa kazi. Hilo ni kweli, nalijua. Kwa hiyo ulishusha shita, ukaziba kingo zake kwa nailoni na gundi ya karatasi, ukafunga mlango wa ngazi kwa ufunguo ili watu wa madukani wasishuke. Humo ndani ndimo ulimotuweka tufanye kazi.

Wewe ulikuwa na maski. Siongelei kitambaa. Ilikuwa maski ya mpira yenye vichujio viwili pembeni, uliyotoka nayo Kitwe, na kila jioni ulikuwa unaifuta na kuifunga kwenye mfuko wake. Sisi tulifunga vitambaa vya kanga puani. Daudi alipokuomba umtafutie na yeye maski, ulimjibu kwamba hiyo ni ya mtu ambaye kifua chake kimeshachoka, yeye bado kijana. Alikuamini. Sote tulikuamini.

Macho yalianza kututoka machozi. Daudi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Jumapili tukipumzika kinatulia, Jumatatu mchana kimerudi. Nilikuuliza, ukasema hiyo ni harufu ya kazi, anayeiona kero arudi kupalilia kahawa ya watu Mbozi. Ulisema ukicheka.

Wakati huo nilikuwa nimepata mimba. Nilipokuambia, ulifurahi, halafu uso wako ukabadilika, nakumbuka vizuri. Uliniambia kuanzia siku hiyo nisikanyage tena humo ndani. Nikae juu, nipike, nioshe vifaa nje kwenye hewa. Nikasema bado nina nguvu za kuchanganya. Ukanijibu kwa ukali, "Nimesema usiingie humo. Hewa ile haimfai mtoto."

Siku zile nilikuwa nawaeleza watu hayo maneno kama ushahidi wa upendo wako. Nilikuwa nasema, mjomba wangu aliniona kabla sijajiona. Ilinichukua muda mrefu, Mjomba, kukaa chini nikafikiri tena ulichokisema. Ulijua. Ulijua kuliko sisi sote mle ndani kuna nini, ukamtoa mwanangu ukamwacha baba yake.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya tabaka la mwisho, mchana. Daudi aliingia peke yake. Wewe ulikuwa umesema mpango ni aanze upande wa shita arudi nyuma mpaka mlango wa ngazi, na akifika pale atoke na kupanda juu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Mimi nilikuwa juu uwani, nachambua maharage. Nikasikia mtu anagonga chini kwenye mlango wa ngazi. Mwanzo aligonga kama mtu anayeita, baadaye akawa anapiga kwa kiganja, kisha ikawa kama mtu anakwaruza. Nilishuka ngazi nikaita jina lake. Hakujibu, ila nilikuwa nasikia pumzi, Mjomba. Ilikuwa inapiga mluzi. Sijawahi kusikia mtu anapumua hivyo.

Nilipanda, nikazunguka jengo mpaka kwenye mteremko. Ulikuwa umesimama pale na mwenye jengo, unamweleza jinsi sakafu itakavyodumu. Nilikuambia taratibu, kwa heshima, nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa, kwamba Daudi anagonga, nipe ufunguo. Ulinitazama kisha ukamtazama yule bwana. Ukanivuta pembeni. Ukaniambia, "Ngoja tajiri aondoke kwanza."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana kuliko maneno ya sala yoyote. Ngoja tajiri aondoke kwanza. Nilikuambia hapumui. Ukasema anatishwa na harufu tu, akikaa chini atatulia, na ukifungua sasa vumbi litaingia. Nikaunyoosha mkono kuelekea mfukoni mwako, ukaushika. Mkono uleule uliokuwa ukinishika kwenda kusukwa.

Ndipo nilipokuacha nikaenda kwenye shita. Nilichana ile nailoni kwa kucha, nikainua shita kwa mabega, nikaingia. Nilitembea juu ya utomvu mbichi toka mwanzo mpaka mwisho. Utomvu ulikuwa unanivuta ndala, nikaziacha humohumo nikaendelea pekupeku, ukaniunguza nyayo. Macho yalikuwa hayafunguki. Daudi nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye mlango, midomo imekuwa ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Nilimshika kwapani. Alijaribu kusimama, akaanguka, tukatambaa, tukasimama tena. Yule mwenye jengo aliingia akatupokea katikati, na viatu vyake vizuri, bila kuuliza. Mtu asiye ndugu yetu. Alituweka kwenye gari yake ndogo ya mizigo akapiga honi njia nzima.

Wewe ulibaki mlangoni, unatazama sakafu. Tulipokupita, mimi na yule bwana tumembeba mume wangu, ulisema neno moja tu. Ulisema, "Mmeiharibu."

Hospitalini walinitenga na Daudi, mimi nikapelekwa kwa mkunga aangalie mtoto. Kwa hiyo yaliyotokea kitandani kwake niliyasikia kwa Daudi mwenyewe, baadaye sana, maana siku ile alikuwa na oksijeni usoni na hawezi kusema. Anasema ulifika ukiwa umebadilisha shati. Daktari akauliza mgonjwa alikuwa anafanya kazi na nini. Daudi alikuwa anakutazama. Alikuwa anasubiri useme. Wewe ukamjibu daktari kwamba ni saruji, vumbi la saruji tu, na kwamba watu wa ukoo wao wana vifua dhaifu.

Daktari wa watu angejuaje? Alimtibu kwa alichoambiwa. Alimpa dawa za kikohozi na sindano, akamwambia apumzike. Baada ya mapumziko ukaja nyumbani na nyama na mchele, ukakaa kwenye kochi letu, ukasema hata daktari amesema ni vumbi, kazi haina ubaya, na alama za nyayo zangu pale sakafuni zinasubiri kufutwa. Nilikataa. Daudi akasema Mjomba hawezi kunitia hatarini mara ya pili. Alikwenda. Hakufika hata kwenye kumimina. Ulipofungua lile kopo dogo la hadina mbele yake, alianguka palepale kwenye mteremko, nje, kwenye hewa na upepo wote.

Safari hiyo sikukusubiri. Ndugu walichanga, tukampeleka Mbeya, na daktari wa huko aliponiuliza mimi ndiye niliyejibu. Nilimweleza utomvu, hadina, shita, feni, kila kitu. Akanieleza polepole ili nielewe. Ile hadina ina sumu inayopanda na hewa. Ukiivuta sana mahali palipofungwa, mapafu yanaikataa, na yakishaikataa mara moja yanaikataa maisha yote, hata ikiwa harufu ndogo tu. Akasema wanaoifanya kazi hii wenzetu wanavaa maski zenye vichujio na wanafungulia hewa. Akaniuliza, je, huyo aliyekuwa anawasimamia alikuwa na maski? Niliona aibu kwa niaba yako.

Tuliporudi Tunduma ulikuwa umeshavuka mpaka. Ulituma salamu kwamba kazi za huku zimekwisha. Neema alipozaliwa ulituma kitenge kizuri cha Zambia, cha rangi ya machungwa. Nilimpa jirani.

Sasa nikuambie tunavyoishi, kwa sababu hujawahi kuuliza. Tulihama mjini tukaenda kuishi Chapwa, mbali na barabara, kwa sababu pale mjini kila kona kuna gereji inayopiga magari rangi, na rangi ile ina hadina. Daudi akipita upande upepo unakoelekea, kifua kinambana. Alikuwa anabeba gunia la mahindi mabegani akiimba. Siku hizi anatengeneza redio na simu kwenye kibanda mbele ya nyumba, na akienda chooni anapumzika njiani. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba namkanda mgongo mpaka jua litoke. Neema anajua pampu ya baba yake, ile ya kuvutia dawa kifuani, iko wapi kuliko anavyojua madaftari yake ya shule. Ameshamkimbilia nayo akiwa kwenye mchezo, akiwa anakula, akiwa anaoga. Hajawahi kumwona baba yake akikimbia. Juzi aliniuliza kama zamani baba alikuwa anaweza.

Daudi hajawahi kukusema vibaya. Nataka ulijue hilo. Nikianza, yeye huniambia niwashe redio. Alisema Mungu atashughulika. Mimi nilikuwa naona Mungu anachelewa, lakini nilinyamaza kwa sababu yake.

Mpaka ulipopiga simu.

Tulikuwa hapa Nanyala, ndugu wote, kwa ajili ya kumpongeza Ezekia kumaliza masomo yake ya ufundi. Mama mkubwa akaweka simu katikati ya meza, akafungulia spika ili wote tusikie sauti yako. Ulisema umepata kazi kubwa, maegesho ya chini ya jengo jipya huko Nakonde, sakafu mbili. Ulisema unamtaka Ezekia. Mtoto wa dada yako, ulisema, damu yako, umfundishe mkono. Watu walipiga makofi. Mama mkubwa alianza kulia kwa furaha. Ezekia alikuwa anatabasamu. Alikuwa mdogo wakati ule, na hadithi aliyopewa ni ileile ya kwako, kwamba shemeji yake aliharibiwa na saruji.

Nilifungua mdomo. Lakini Daudi alinitangulia. Alisimama, na unajua kusimama kwake sasa kukoje. Akaegemea meza, mdomo karibu na simu, akakuuliza kama huko Nakonde kuna feni.

Ukasema, nani huyo? Akasema, "Daudi. Nauliza kama hewa inatoka, Mjomba, na kama maski zipo za watu wote." Ukaanza kusema mambo ya zamani yasiharibu furaha ya watoto. Yeye akaendelea. Alieleza shita, mlango, ufunguo, jinsi alivyogonga. Alieleza ulivyomjibu daktari. Alikuwa anakata maneno katikati kutafuta pumzi na hakuna aliyethubutu kumsaidia, watu wazima wamekaa wanamsikiliza mtu akipigania kila neno. Alipofika kwenye "ngoja tajiri aondoke", pumzi ikaisha. Nikamalizia mimi. Nikamalizia mpaka "mmeiharibu".

Simu ilikuwa bado wazi. Tulikuwa tunasikia malori ya upande wako. Kisha ukakata.

Mama mkubwa aliinuka akamletea Daudi maji. Ezekia alitoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia, na aliporudi aliniambia haendi. Aliniambia pia niandike, kwa sababu wapo vijana wa watu wengine ambao hawakuwepo kwenye meza ile. Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo vijana wa Nakonde, wa Tunduma, wa popote mnakopaka sakafu hizo: kazi ni nzuri, hata mimi niliipenda. Lakini fungueni hewa. Mkiona bosi amevaa maski na ninyi mmefunga vitambaa, wekeni vifaa chini mtoke. Vumbi likitua, sakafu inasagwa na kupakwa upya. Nyayo zangu zilifutwa, na magari yanaegeshwa pale mpaka leo. Mapafu ya mume wangu hakuna anayejua kuyapaka upya.

Na wewe, Mjomba, sitaki pesa yako, kitenge chako wala samahani ya kwenye simu. Usimtafute Ezekia. Usimtumie Neema kitu, hajui jina lako na sina mpango wa kumfundisha. Siku ukisikia Daudi amefariki, kwa sababu taarifa zitakufikia, usije msibani. Usisimame na wanaume, usishike koleo, usimwage machozi mbele ya mwanangu. Nitakutoa mimi mwenyewe, na ndugu wote wameshanisikia nikilisema.

Ukitangulia wewe, itakuwa tofauti. Nilimuuliza Daudi, nikitegemea atakuwa upande wangu. Alinijibu kwamba atakuja kukuzika, kwa sababu ulisimama kwenye harusi yake. Nilibishana naye mpaka nikachoka. Basi nimeamua kwamba sitamzuia. Nitavuka naye mpaka, nitabeba pampu yake kwenye mkoba, na kule makaburini tutapanda kidogo kidogo, tukisimama kila anapohitaji. Yeye atakutupia udongo. Mimi nitakuwa nimemshika mkono asianguke, na mkono wangu mwingine utabaki kwenye mkoba.

Mtoto wa marehemu dada yako,
mke wa Daudi,
Chapwa.